Kilo Ishirini na Tano za Mtachoka

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi wala ndimu. Sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona kwa macho haya haya ambayo mpaka leo yanasoma gazeti bila miwani. Niliapa mbele ya watu wazima pale kibarazani Mkata, na ninaapa tena: atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, nitamlisha kwa mkono wangu mwenyewe mpaka anenepe. Mnanifahamu. Sijawahi kulisha mtu.

Basi, Awadhi alikuwa na mke, binti mmoja, shamba la mahindi yaliyokuwa yanaanza kutoa ndevu, na mbwa. Mbwa huyo aliitwa Mtachoka. Kwetu jina la mbwa si la mbwa, ni la majirani. Mwanamke akisemwa kisimani, mumewe hawezi kwenda kugombana na wanawake, hivyo humwita mbwa wake Mtachoka, na kila jioni husimama mlangoni akimwita kwa sauti mpaka wote wanaohusika wasikie.

Mtachoka alikuwa mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu, jua lilisita kumpa kivuli. Mbavu zake ungeweza kuzisukia mkeka. Lakini mbio! Kukicha yuko shambani, jua likizama yuko shambani. Ngedere wa Mkata walikuwa wakimwona wanahesabu watoto wao na kuondoka. Mmoja wao Mtachoka alimfukuza mpaka Segera, akarudi na lami kwenye makucha.

Siku moja Habakuki, bwana mifugo, Msambaa wa Lushoto aliyehamishiwa huku kwenye joto na hajawasamehe waliomhamisha, alimwita Awadhi ofisini.

"Kuna shamba la mkonge huko Mazinde wanatafuta mlinzi," alisema. "Mshahara wa kila mwezi, nyumba ya bati. Mkuu wa walinzi ni binamu yangu, Dennis. Ila mlinzi aje na mbwa wake, na mbwa awe na kilo ishirini na tano au zaidi. Wa chini ya hapo wezi wa katani wanamrushia mfupa na kumbeba."

Awadhi alimtazama Mtachoka, aliyekuwa anazunguka meza kwa mara ya saba.

"Huyu anaumwa?"

Habakuki alimshika mbwa mbavu, akampapasa uti wa mgongo, akamfunua ufizi. "Ana minyoo kidogo, dawa nitakupa. Zaidi ya hapo ni mzima kuliko wewe. Shida yake ni miguu. Anachokula asubuhi anakimaliza kwa mbio kabla umande haujakauka."

"Nifanyeje?"

"Mlishe mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Ukimjaza kwa mkupuo atatapika, utakuwa umelisha ardhi. Ugali, dagaa, mapupu ya ng'ombe, na kijiko cha mafuta juu. Kila wiki ongeza kidogo. Na umfunge. Mtembeze asubuhi na jioni, misuli isilegee, basi."

"Nikimfunga, shamba litalindwa na nani?"

"Mimi ni bwana mifugo," Habakuki alisema. "Bwana shamba ofisi yake ile pale."

Awadhi alitoka akirudia moyoni: mara nne. Nyumbani kwake watu walikuwa wanakula mara mbili.

Mkata nzima mizani ya kueleweka ilikuwa moja, ile ya kuning'inia, kwenye kibaraza cha mzee mmoja mnunuzi wa mahindi. Mzee huyo, mstaafu wa reli, alikuwa mwadilifu kupindukia, mkarimu, tena wa sura nzuri kwa umri wake. Awadhi alimtumbukiza Mtachoka kwenye mfuko wa salfeti, kichwa kikabaki nje, wakamtundika kwenye ndoano. Mbwa alipiga mateke hewani kama anaendelea kukimbia.

"Kumi na tano," mzee alisoma.

Chausiku, muuza vitumbua, alikuwa pembeni na beseni lake. Yeye ndiye hasa aliyekusudiwa kwa jina la Mtachoka. "Baba Husna, unauza mbwa kwa kilo siku hizi?" aliuliza. "Utuwekee paja."

Watu walicheka. Awadhi alimgeukia mzee. "Mzee wangu, mizani hii haidanganyi?"

Kibarazani kulikuwa na wakulima na magunia yao, wote wanasubiri kupimiwa. Wote waligeuka wakamtazama mzee.

"Mwanangu," mzee alisema kwa upole, "mizani haina mdomo. Itadanganyaje?"

Awadhi aliridhika. Alijua, kama kila mkulima anavyojua, kwamba mizani ya mnunuzi hula mahindi. Hilo hata mtoto analijua, watu wamelizoea kama kupe. Lakini aliwaza: mizani inaiba mahindi kwa sababu mahindi yana faida. Nani atamwibia mbwa?

*

Mwantumu, mkewe, alisikiliza habari yote akiwa anapepeta mchele wa jirani kwa ujira. Alipomaliza akaweka ungo chini.

"Tumpikie mbwa?"

"Kwa muda tu, mama Husna. Akifikisha kilo naandikwa kazi."

"Mbwa hula kilichobaki, baba Husna. Mimi toka nizaliwe sijaona mtu anabandika sufuria kwa ajili ya mbwa."

"Kilichobaki hapa kwetu unakijua wewe."

Ilikuwa kweli. Nyumba ile ilikuwa na muda mrefu haijabakiza kitu. Mwantumu akaenda chumbani, akarudi na sufuria yenye shimo lililozibwa kwa bati. "Hii. Isikae na vyombo vyangu. Na asitie mdomo humu. Akitia mdomo utaiosha mara saba kwa udongo, wewe, si mimi."

Kwa hiyo Mtachoka akapewa kipande cha dumu cha kulia, na sufuria ikabaki safi, imetundikwa peke yake kwenye mti wa ua. Asubuhi, kabla ya adhuhuri, alasiri, magharibi. Awadhi alikoroga ugali laini, akatia dagaa, akamimina kijiko cha mafuta juu kama alivyoelekezwa. Harufu ya mafuta ikatembea nyumba hadi nyumba. Majirani wakajua.

Kwa vile mbwa alikuwa amefungwa, Mwantumu ndiye aliyekwenda shambani. Alitoka alfajiri na debe na kipande cha chuma, akashinda akiligonga na kupiga ukelele ngedere wakisogea. Jioni akipita njiani sauti imekauka, Chausiku alimsubiri kwenye kizingiti.

"Shoga, pole na kazi. Nilisikia kelele huko nikasema huyu Mtachoka leo kaamka. Kumbe ni wewe." Akageukia wenzake. "Mbwa kalala nyumbani anakula dagaa, mke yuko shambani anabweka. Dunia hii."

Mwantumu alipita bila kujibu. Asingeweza hata angetaka. Sauti ilikuwa imebaki kwa ngedere.

Husna, binti yao, alikuwa na umri wa kuota meno ya mbele upya. Mwanzoni alifurahia. Akawa anamtengea mbwa dumu, anamwambia kula mwanangu. Baadaye akaacha kumwita mwanangu. Akitoka shule alikaa karibu na jiko, mikono mapajani, akauliza kila siku swali lile lile.

"Baba, leo Mtachoka anakula nini?"

"Ugali na dagaa."

"Na sisi?"

"Sisi tuna mlenda."

Husna alikubali kwa kichwa, kama mtu anayepewa matokeo ya mechi ambayo timu yake haichezi.

*

Mapupu yalitoka kwa Abdulaziz, mwenye bucha. Awadhi alipomweleza, yule bwana alimcheka sana, kisha akawa anamwekea kila siku mapupu kwenye gazeti, bure. "Siuzi," alisema mbele ya foleni. "Hii ni sadaka kwa mbwa. Mtu akila haimwendei vizuri."

Watu wa foleni walimpisha Awadhi, si kwa heshima. Walimpisha kama wanavyompisha mtu mwenye harufu.

Mbwa alikuwa anaongezeka. Kumi na saba. Kumi na tisa. Ishirini na nusu. Bado mbavu zilihesabika, lakini kwa kutafuta. Shingo ikajaa. Akawa akiamka anajinyoosha kwanza kama mwenyekiti wa kijiji.

Siku moja Mwantumu alirudi kutoka shambani akamkuta Husna amelala katikati ya mchana, kitu ambacho mtoto yule hakuwahi kukifanya. Hakuwa na homa. Alikuwa amelala tu, macho yamefunguka nusu. Mwantumu alitazama gazeti lenye mapupu lililokuwa juu ya jiwe. Akachukua kisu, akakata sehemu, akaiosha, akaipika kwa sufuria yake mwenyewe na chumvi na nyanya moja.

Alikuwa anampakulia mtoto mchuzi wakati Abdulaziz alipopita na baiskeli akielekea mnadani. Akashuka.

"Mama Husna, shikeni adabu kidogo," alisema, polepole, bila kugomba. "Nyama hiyo nilitoa kwa mbwa."

"Mtoto anaumwa, kaka Abdulaziz."

"Pole yake. Lakini watu walinisikia nikisema sadaka ya mbwa. Sasa wakisikia mnakula nyinyi, kesho Mkata nzima itakuja na mbwa asiyekuwepo." Alitazama bakuli mikononi mwa Husna. Mtoto alikuwa ameacha kutafuna, hajui ateme au ameze. "Malizia tu, mwanangu. Hiyo imeshaingia."

Kuanzia siku hiyo mapupu yakawa kwa bei. Awadhi alipofika bucha kesho yake, mtu wa nyuma yake aliuliza kwa sauti, "Ya mbwa au ya familia?" na foleni yote ikakohoa.

*

Ikapita ishirini, na hapo kilo zikawa nzito. Kila Awadhi alipomtundika Mtachoka kwenye ndoano, alikaza macho kwenye mdomo wa mzee. Ishirini na nusu. Ishirini na moja. Ishirini na moja tena.

"Mbona hapandi, mzee? Mtazame alivyo. Mbavu sizioni."

"Macho hayana namba, mwanangu," mzee alisema. "Ongeza chakula."

Awadhi aliongeza. Alipotafuta pa kuongezea, akapata sahani yake mwenyewe. Alianza kwa kusema hana njaa usiku. Baadaye akawa hana njaa mchana. Mbwa akishamaliza na majirani wameingia ndani, alikwenda mtini, akaitungua sufuria, akakwangua ukoko kwa kucha na kuutafuna amesimama. Mdomo wa mbwa haukuwa umegusa sufuria ile, kwa hiyo dhambi hapakuwa. Hata hivyo alikula akiwa amegeukia ukutani.

Mwantumu alimwona. Kesho yake alipoosha vyombo aliiacha sufuria ile bila kuigusa, ukoko ukabaki mwingi zaidi.

Kisha nguruwe pori wakaingia shambani. Debe huwafukuza ngedere. Nguruwe ni mnyama wa usiku, na usiku debe lilikuwa limelala na mwenye nalo. Asubuhi Mwantumu alikuta mahindi yamelazwa kama kanga zilizoanuliwa kwa fujo. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya Mtachoka aliyekuwa amejilaza kivulini, tumbo limetandaa.

"Umenenepa," alimwambia. "Hongera."

Awadhi alisikia akiwa ndani. Alijua sasa hakuna mavuno ya kusubiri. Ilibaki kazi ya Mazinde tu, na kazi ya Mazinde ilikuwa na uzito wa mbwa.

Siku mzee aliposoma ishirini na tano, Awadhi aliomba asome tena. Akasoma tena. Awadhi akashika nguzo ya kibaraza.

*

Fuso la Jonathan lilikuwa linapeleka mahindi Mazinde. Jonathan alikubali kuwabeba, akamtazama mbwa, akamtazama Awadhi, akafungua mlango wa mbele.

"Mbwa akae na mimi hapa. Wewe panda juu ya magunia, ukiona trafiki ingia chini ya turubai."

"Kwa nini mbwa mbele?"

"Mtu juu ya mzigo ni kosa, watanitoza faini. Mbwa mbele hawajamwandikia sheria. Nikikuweka wewe mbele, mbwa ataruka kutoka huko juu, utanidai mimi."

Basi wakapita Segera, wakapita Korogwe mjini, mbwa ameweka mguu dirishani anapunga upepo, na Awadhi chini ya turubai na vumbi la pumba puani. Kwenye kituo cha ukaguzi alimsikia askari akicheka. "Msaidizi wako mzuri, dereva. Mnene."

Shamba la mkonge lilikuwa mbele ya Mazinde, mistari iliyonyooka mpaka macho yanauma. Dennis, mkuu wa walinzi, kijana mwenye kitambi cha mapema, aliwapokea kwenye ghala. Mizani yake ilikuwa ya chini, ya kupimia marobota ya katani. Mtachoka alipanda mwenyewe, akaketi.

"Thelathini na nusu," Dennis alisema. Akapiga mluzi. "Habakuki aliniambia utaleta mbwa, hakuniambia utaleta ndama."

Awadhi alicheka. Kisha akaacha. "Soma tena, kaka. Jana kwetu alikuwa ishirini na tano kamili."

"Basi njiani kamla dereva."

Awadhi alibaki anatazama namba. Kama leo ni thelathini na nusu, ishirini na tano alizifikisha lini? Akarudi nyuma kwa vijiko vya mafuta, kwa mabunda ya gazeti. Akafika kwenye siku ambayo Husna alilala mchana. Siku ile mbwa alikuwa ameshatosha. Mazinde wangempokea siku ile, na mahindi yalikuwa bado yamesimama.

"Haya, na wewe panda," Dennis alisema.

"Mimi?"

"Mlinzi naye anapimwa. Mwaka jana wezi walibeba katani na mlinzi juu yake. Hamsini na tano kwenda mbele. Habakuki hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Labda hukumuuliza."

Awadhi alipanda. Bati la mizani lilikuwa bado na joto la mbwa. Dennis alisoma, akainama akasoma tena, halafu akashusha sauti kidogo, na huruma hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Arobaini na tisa, kaka. Na viatu."

Mtachoka alipiga mkia kwenye sakafu.

"Mbwa amefaulu," Dennis alisema. "Abaki, aanze kuzoea geti. Posho yake nusu kilo ya nyama kwa siku. Wewe rudi nyumbani ukale. Ukifika hamsini na tano nafasi yako ipo, nitaishikilia mpaka mvua hizi ziishe."

"Nikale nini?"

Dennis alifikiri kwa dhati. "Alichokula yeye."

Wakamfunga Mtachoka kwenye mnyororo mpya, wakamwekea sahani. Awadhi alimwita mara moja. Mbwa alikuwa anakula taratibu, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa. Hakuinua kichwa.

*

Siku niliyoisimulia habari hii kibarazani kwangu, hapo ndipo nilipokomea. Nikamalizia kwamba kosa lilikuwa la mizani ya Mazinde: imezoea marobota, ndiyo maana inamzidisha mbwa na kumpunguza mtu. Wasikilizaji wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Ilikuwa imekaa vizuri.

"Shikamoo, mzee," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yao.

"Marahaba, mama Husna. Karibu." Sikujua alikuwa amesimama pale tangu kiapo.

"Mizani gani hiyo, mzee wangu, inamzidisha mmoja na kumpunguza mwingine, saa ile ile?"

Nilimweleza kwamba vyombo vya kisasa vina mambo yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kando ya kibaraza palikuwa na mifuko ya saruji ya ujenzi wa msikiti, haijafunguliwa. Mwantumu akawaomba vijana wawili wautundike mmoja kwenye ndoano yangu. Katika miaka yote niliyonunua mahindi hapa, hakuna aliyewahi kutundika kitu chenye uzito ulioandikwa kiwandani.

"Mfuko umeandikwa hamsini," alisema. "Chausiku, wewe una macho. Soma mizani."

"Arobaini na moja," wakasoma watu wanne kwa pamoja.

Chausiku aliweka beseni la vitumbua chini. Wenye magunia wakaanza kuhesabu kwa vidole mavuno ya miaka. Hao bado tunazungumza nao, na mwenyekiti yupo katikati.

"Na yule mzee wa reli," Mwantumu alisema, "mwadilifu, mkarimu, mwenye sura nzuri kwa umri wake. Anakaa wapi?"

Nikamjibu kwamba sura anayo.

"Sitaki mahindi yako, utanipimia," alisema. "Uliapa kulisha. Lisha."

Kwa hiyo sasa ninaandika haya nikiwa nimechuchumaa jikoni, moshi machoni. Mara nne kwa siku, kidogo kidogo, kijiko cha mafuta juu. Awadhi anakuja na Husna na Mwantumu, wanakaa kwenye mkeka wangu, hawaniangalii. Bucha ninakwenda mwenyewe, na foleni inanipisha. Kupima tunapima zahanati, Mwantumu ndiye anayesoma. Awadhi yuko hamsini na mbili. Mvua imeanza kuruka siku.

Wakishaondoka, mimi nakula ukoko. Nilifikiri ningekuwa wa kwanza kugundua kwamba si mbaya.

Leo mchana Husna alitangulia wazazi wake. Alikaa karibu na jiko, mikono mapajani, akachungulia sufuria.

"Babu," akaniuliza, "leo baba anakula nini?"

Nikakoroga, nikamwambia.